Miaka minne nilipigana kwenye uzito usio wangu

Kesho saa nne asubuhi dogo ninayemfundisha anapima uzito kwa pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa na mimi usingizi umekataa kabisa, kwa hiyo nimeona bora niandike hii kitu ambayo nimekaa nayo moyoni muda mrefu. Huyu dogo alikuja jimu kwetu Mabibo mwezi wa tatu, ana miaka 19, mrefu, mikono mirefu, akapanda kwenye mzani ukasoma 58, afu akaniambia kocha nataka nianzie uzito wa fly. Nikamuuliza nani kakwambia fly? Akasema kuna jamaa anatafuta mabondia kamwambia fly hamna watu, akishuka huko mapambano yatakuja haraka na safari za nje atapata. Nilikaa kimya maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2014 na nikayakubali, na yalinikalia kichwani na mwilini mpaka 2018.

Kwa asiyejua haya madaraja ni hivi. Fly mwisho kilo 50.8, super fly 52.1, bantam 53.5, super bantam 55.3, unyoya 57.1. Ukiangalia haraka unaona vitu vidogo, bantam na fly zinapishana kilo mbili na gramu mia saba tu. Ila mwili wa mtu mwenye kilo 57 hauna akiba, kumtoa kilo sita ni kumtoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na kwa bondia anayefanya mazoezi kila siku hiyo haitoki kwenye mafuta kwa sababu mafuta yenyewe hana, inatoka kwenye maji na msuli. Hili nilikuja kulielewa nikiwa nimeshapigwa sana.

Nilianza ngumi za ridhaa 2009 nikiwa na miaka 16. Asubuhi nilikuwa nashusha ndizi pale soko la Mahakama ya Ndizi, jioni jimu. Kocha wetu wa wakati ule alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, ya Michael Yombayomba kuchukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola Kuala Lumpur mwaka 1998, uzito wa bantam, Mtanzania, mtu mwembamba kama sisi. Alikuwa anasema hakuwa jitu yule, alikuwa na kilo hamsini na kitu kama wewe hapo. Mimi nikawa najiita bantam kabla hata sijajua bantam ni kilo ngapi.

Nikaingia ngumi za kulipwa 2012. Pambano la kwanza raundi nne, Manzese, tulikubaliana laki moja kwa mdomo bila karatasi. Nikashinda kwa pointi, nikaenda kuchukua changu nikapewa elfu sitini na tiketi nane za elfu tano tano, na pambano limeshaisha! Tiketi ya pambano lililoisha unamuuzia nani. Kumbe nilitakiwa nipewe mapema niuze mtaani kwetu afu hela nibaki nayo, ndivyo wenzangu walivyokuwa wanafanya, mimi sikuuliza. Tangu siku ile naandika kila kitu, kiasi gani, lini, nani analipa, vipimo nani analipia, nauli nani, na kama sehemu ya malipo ni tiketi basi ziwe mkononi kwangu wiki mbili kabla. Hata ikiwa karatasi ya daftari, mkisaini wote wawili mbele ya kocha inasaidia, mtu aliyesaini anaona aibu kukugeuka.

Mpaka mwanzoni mwa 2014 nilikuwa na mapambano 8, nimeshinda 6, sare 1, nimepoteza 1. Yote bantam. Nilikuwa natembea na kilo 57, wiki mbili za mwisho napunguza wanga kidogo na chumvi, siku ya mwisho nakunywa maji kidogo, nafika 53.5 bila tabu kubwa. Nilikuwa na pumzi. Raundi ya sita nilikuwa najisikia kama ya pili.

Hapo ndo nikaambiwa habari ya fly. Na nisiseme uongo, hoja ilikuwa na mantiki. Huku kwetu mashabiki wanapenda uzito wa juu, wale wa kati ndo wanajaza kumbi, sisi wadogo tunawekwa kwenye mapambano ya utangulizi wakati watu bado wananunua maji mlangoni. Lakini nje, hasa Thailand, Japani, Ufilipino na Mexico, uzito mdogo ndo wenyewe, huko bingwa wa fly ni mtu mkubwa, na wanahitaji wapinzani. Kocha mmoja mpya niliyekuwa naye akaniambia mwanangu wewe ukishuka fly utakuwa jitu, wenzio wote watakufika begani. Nilipenda sana hilo neno jitu. Hakuna mtu aliyewahi kuniita jitu maisha yangu yote.

Pambano la kwanza la fly nilipewa siku kumi na mbili. Nilianza na 57. Nieleze nilichofanya ili usikifanye. Siku ya kwanza mpaka ya sita nilikula mlo mmoja, mboga na yai, nikashuka mpaka 55. Kuanzia hapo mwili ukagoma. Nikavaa nailoni ndani ya koti la mvua, nikawa nakimbia saa saba mchana kutoka Mabibo mpaka Ubungo na kurudi, jua la Januari. Alhamisi jioni nikaacha maji kabisa. Usiku nikawa natafuna bigijii na kutema mate kwenye chupa, chupa ya nusu lita ikakaribia kujaa. Kuna mtu akaniletea vidonge vya kukojoa, vile wanavyopewa wagonjwa wa presha na moyo, nikameza viwili. Baadaye nikajua vile vidonge vimekatazwa kabisa kwenye michezo, ungepimwa ungefungiwa, na kibaya zaidi vinatoa chumvi za mwili ambazo moyo unazitegemea kupiga sawasawa. Nilikuwa nalala moyo unadunda kama nimetoka kukimbia, midomo imepasuka, naota maji. Siyo kwa mfano, naota kweli, naota niko bombani.

Asubuhi mzani wa jimu ukasema 50.6. Nikaenda kupima, mzani wa pambano ukasema 51.2.

Ule mzani wetu wa jimu, wa kukanyaga, wa bafuni, ulikuwa unasoma pungufu gramu mia sita na hakuna aliyewahi kuuangalia. Nikapewa masaa mawili. Nikarudi kwenye koti la mvua, nikaruka kamba chooni kwenye joto mpaka miguu ikaanza kukakamaa, nikarudi nikavua mpaka chupi wakanizungushia taulo, 50.8. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naona nyota. Sasa hivi kila nikiingia kambini kitu cha kwanza naomba kupanda mzani rasmi siku moja kabla, waandaaji wengi wakiombwa vizuri hawakatai, na mzani wa jimu naujaribu kwa mfuko wa sukari wa kilo 25 ambao dukani kwa mangi naujua umepimwa. Kitu cha dakika tano.

Baada ya kupima nikafanya kosa lingine. Nikanywa soda mbili za baridi za mfululizo, nikala chipsi mayai, nikatapika yote ndani ya nusu saa. Pambano kesho yake nikaanza vizuri, kweli nilikuwa mrefu kuliko yule jamaa, nilimpiga jabu raundi tatu, ya nne miguu ikaondoka. Siwezi kuieleza kwa mtu ambaye haijamtokea, unaiona ngumi inakuja, unajua ni ya kukwepa, unatuma taarifa kwenye miguu na miguu haijibu. Nikapoteza kwa pointi. Kocha akasema tatizo pumzi, ongeza kukimbia. Nikaongeza kukimbia. Mimi nilimwamini, na naamini na yeye alikuwa anaamini anachosema, ndivyo alivyofundishwa.

Ningesimama hapo ningekuwa na maisha mengine ya ngumi, ila sikusimama. Mapambano 11 nilipigana kwa kushuka hivyo, nikashinda 3, sare 1, nikapoteza 7, na kati ya hizo 7 nne nilimalizwa kabla ya raundi zote kuisha. Mtu yule yule, mikono ile ile, ambaye bantam alikuwa amepoteza moja tu.

2016 ikaja ile safari tuliyokuwa tunaiota wote. Thailand, raundi nane, dola 1,800, nimeambiwa zimebaki siku tisa. Aliyetakiwa kupigana alikuwa ameumia. Uzito safari hii super fly, 52.1, mimi nikasema kwanza afadhali. Nilikuwa na 57 na nusu siku napigiwa simu. Nikasema ndiyo kwenye simu ile ile, hata sikumaliza kusikiliza. Siku tisa hizo zikaliwa na pasi ya kusafiria, vipimo vya damu vya ukimwi na homa ya ini, kadi ya homa ya manjano, kila siku niko kwenye foleni, mazoezi hamna. Ndege saa nyingi, kubadilisha njiani, na mle ndani hewa kavu na miguu inavimba kwa kukaa, nimefika hotelini nikapima 55. Kilo tatu kwa siku moja na nusu, kwenye bafu la maji ya moto lenye chumvi, kocha ananishika mkono nisizame.

Yule kijana wa Kithai wala hakuhangaika na kichwa changu. Alikuja na mbavu tangu kengele ya kwanza. Wanajua wale. Mtu aliyekauka tumboni hana kitu, ukuta umekuwa mwembamba, raundi ya nne akaniweka kushoto kwenye ini na nikapiga magoti, nikasikia hesabu yote mpaka kumi, akili ipo, mwili umekataa kunyanyuka. Nililia kwenye chumba cha kubadilishia. Siyo kwa maumivu, nilijua nimekuja kuwa mtu wa kujazia rekodi ya mwenzangu.

Hela ilikuwa hivi. 1,800, meneja thelathini kwa mia yake, dola 540. Kocha kumi kwa mia, 180. Vipimo na pasi walikuwa wamenikopesha wakakata 150. Nikabaki na 930, kwa chenji ya wakati ule kama milioni mbili na kidogo. Nikalipa kodi ya miezi sita, nikampa mama laki tatu, iliyobaki sijui ilikwenda wapi. Siyo hela ndogo kwa mshusha ndizi na simlaumu anayeikubali. Ila kabla hujasema ndiyo piga hesabu mpaka mwisho, uliza asilimia zinakatwa kabla ya gharama au baada, uliza leo una kilo ngapi na pambano ni siku ngapi. Najua mtu atanitajia Hassan Mwakinyo alivyoitwa kwa dharura Birmingham mwaka 2018 akampiga Sam Eggington raundi ya pili na maisha yakageuka. Kweli, na nilifurahi mpaka nikatoka nje kupiga kelele. Lakini kuitwa kwa dharura ukiwa uko fiti ni jambo moja, kuitwa kwa dharura ukiwa na kilo tano za kutoa ni jambo lingine kabisa.

Baadaye sana ndo nikasoma kwamba Manny Pacquiao mwenyewe yalimkuta hapo hapo Thailand. Septemba 1999 alikuwa bingwa wa dunia wa fly wa WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, akashindwa kufika uzito akapoteza mkanda juu ya mzani, kesho yake Medgoen Singsurat akamlaza raundi ya tatu kwa ngumi za tumbo. Alichofanya baada ya hapo ndo kilichonifungua macho, hakurudi kujaribu tena fly, akaruka super fly na bantam akaenda moja kwa moja super bantam, na 2001 akachukua ubingwa wa dunia huko. Na Naoya Inoue wa Japani, huyu ambaye sasa watu wanamuona kama mashine, 2014 alichukua ubingwa wa light fly, kilo 48.9, huku mguu ukimkakamaa ulingoni kwa sababu ya kujikausha. Mwaka ule ule akapanda madaraja mawili mpaka super fly akammaliza Omar Narváez raundi ya pili. Kwetu sisi kupanda uzito mtu anaona kama kushindwa, anaona mwenzie atamcheka kwamba ameshindwa kujinyima. Hawa wawili walipanda na ndo wakaanza kutisha.

Sasa nije kwenye 2018, sehemu ambayo huwa siielezi.

Lilikuwa pambano la mkanda, raundi kumi, fly, hapa hapa Dar, malipo milioni moja na laki mbili, nyingi kuliko nilizowahi kupata nyumbani. Nilikuwa na miaka 25 na mwili umeshakuwa wa mtu mzima, nilianzia 58. Nilifika 50.7 na siku ya kupima mke wangu aliponiona aligeuza uso. Akaniambia baba fulani, hapana, siyo hivi. Nikamwambia kesho nitakuwa sawa, nimeshakunywa maji. Kumbukumbu yangu ya pambano inaishia raundi ya nne. Kwenye video niko mpaka ya saba, narusha ngumi, nasogea, hata kona naitikia kwa kichwa, halafu inakuja kulia moja ambayo siku zote naikwepa na ninaanguka na mikono iko chini. Raundi ya tano na ya sita simo. Niliamka chumba cha kubadilishia nikamuuliza mke wangu pambano saa ngapi. Nikamuuliza mara tatu.

Hospitali walitaka CT scan, laki mbili na themanini, nikasema ngoja nilipwe kwanza. Hili ndo kosa ambalo nikilifikiria mpaka leo tumbo linanikata. Kichwa kiliniuma wiki tatu, mwanga wa simu ulikuwa unaniumiza, nilikuwa namfokea mtoto kwa kulia tu. Na wiki ya pili nikaenda kuspaa, yaani kupigana kwa mazoezi! Kwa sababu kijana wa jimu alikuwa na pambano na akaomba. Mke wangu ndiye aliyekwenda kukopa kwenye kikoba chao tukapiga hiyo picha, haikuonyesha damu, Mungu mkubwa. Daktari aliyenipokea alikuwa mama mmoja mtulivu, akaniambia hivi, mwanangu maji unayokunywa baada ya kupima yanafika tumboni na kwenye damu mapema, ila kichwani hayarudi sawasawa kwa siku moja, kwa hiyo wewe unaenda kupigwa ukiwa ubongo wako haujarudi hali yake. Hakuna kocha aliyewahi kuniambia hivyo.

Kwa hiyo nasema kwa herufi kubwa moyoni mwangu, ukipigwa KO hakuna kuspaa, hakuna hata kugusana, mpaka daktari aseme. Sehemu nyingi mapumziko ya lazima ni siku 30 kwa TKO, yaani mwamuzi akisimamisha pambano, na 60 mpaka 90 kwa KO, chukua hiyo kubwa. Na usidanganyike kwamba mapumziko ni ya walioanguka tu. Sisi tuna ndugu yetu Rogers Mtagwa aliyekuwa anapigania Philadelphia, mtu wa super bantam na unyoya. Oktoba 2009 New York alipigana na Juan Manuel López raundi 12, ya mwisho López alikuwa anayumba kama mlevi, watu bado wanaizungumzia raundi ile. Alipoteza kwa pointi ila alishinda heshima. Januari 2010, miezi mitatu na kitu tu, akapanda tena na Yuriorkis Gamboa, raundi ya pili ikaisha. Sijui kilichokuwa ndani ya mwili wake, ila kila nikiangalia hayo mapambano mawili mfululizo naona muda ulikuwa mfupi mno baada ya vita ile. Na Agosti mwaka 2025 Tokyo, ukumbi wa Korakuen, usiku mmoja, mabondia wawili wa miaka 28, Shigetoshi Kotari wa super feather na Hiromasa Urakawa wa lightweight, madaraja yaliyo juu ya unyoya, waliumia ubongo wakafariki wote wawili ndani ya siku chache. Kotari hakupigwa KO. Alimaliza raundi zote 12 amesimama na majaji wakatoa sare. Baada ya hapo Wajapani wakapunguza mapambano ya ubingwa wa OPBF, shirikisho la ngumi la Mashariki na Pasifiki, kutoka raundi 12 mpaka 10. Nilisoma habari hiyo nikazima simu nikaenda kukaa nje.

2019 nilirudi bantam, na mara mbili nilipigana super bantam. Mapambano sita, nikashinda 5. Nilikuwa nimekaa nje karibu mwaka mzima na kila mtu anasema nimeisha. Nilichobadilisha siyo mazoezi, nilibadilisha hesabu. WBC kwenye mapambano yao ya ubingwa wanampima bondia siku 30 kabla, asizidi asilimia kumi juu ya uzito wa pambano, na siku 7 kabla asizidi asilimia tano. Mimi siyo bingwa wa dunia ila nikachukua hesabu hiyo nikaibandika ukutani. Kwa bantam maana yake siku 30 kabla usizidi 58.9 na siku 7 kabla usizidi 56.2. Kwa fly ni 55.9 na 53.3. Nikaangalia daftari langu la zamani, pambano la 2018 siku 30 kabla nilikuwa na 58, siku 7 kabla 55. Kwa kipimo hicho nisingeruhusiwa hata kufika kwenye mzani.

Kwa hiyo sasa ni hivi, kila asubuhi baada ya choo unapima unaandika, daftari siyo kichwani. Wali na ugali haviachwi, vinapunguzwa pole pole kuanzia wiki tano nyuma, dagaa na maharage na mayai vinabaki kwa sababu ndo msuli wenyewe. Maji unakunywa mpaka siku moja kabla. Ukishapima usikimbilie soda, nunua ORS pale duka la dawa, au tengeneza mwenyewe, lita moja ya maji safi yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha siyo vya mlima, unakunywa kidogo kidogo kama saa nzima ndo unakula, wali na ndizi na samaki wa kuchemsha, mafuta kaa nayo mbali mpaka pambano liishe. Na kama wiki moja kabla bado una kilo nne za kutoa, piga simu sema huu uzito siuwezi, tuongee uzito mwingine. Watakasirika. Mimi walikasirika mara moja, siku mbili baadaye wakapiga wenyewe wakasema basi njoo 55.

Niliacha 2021 nikiwa na miaka 28, 14 za kushinda, sare 2, 9 za kupoteza. Jicho langu la kulia lina ukungu kidogo jioni na majina ya watu yananichelewa, mke wangu anajua, sasa na nyie mnajua. Anayetazama rekodi yangu anaona bondia wa kawaida, na sina ubishi naye. Ila mimi nikiitazama naona ile miaka minne ya katikati, naitoa, nabaki na 11 za kushinda na 2 za kupoteza, na namuwaza yule kijana angefika wapi. Siku nyingine namuwaza sana.

Yule jamaa wa fly alipiga simu kwa dogo mara tatu. Mara ya tatu dogo akanipa simu. Nikamsalimia kwa heshima, nikamwambia kaka huyu kijana ni super bantam, kama una super bantam tuletee karatasi tuisome. Akakata. Wiki mbili baadaye karatasi ikaja ya mtu mwingine, raundi nne, super bantam, laki mbili, nusu kabla nusu baada, tumesaini wote. Juzi tulienda kupanda mzani wao, unapishana na wetu gramu hamsini. Siku saba kabla alikuwa na 56.6.

Leo saa mbili usiku alikula kwangu, wali kidogo na kipande cha changu, akanywa glasi ya maji, akapanda mzani sebuleni mke wangu akamulika na simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. 55.4. Usiku mwili wenyewe unatoa gramu mia nne mpaka tano bila kuuambia kitu. Sasa hivi ni saa nane, amelala hapo kwenye kochi, mdomo wazi, na chupa yake ya maji bado ina nusu.